Kisitiri cha Nyumba na Adabu ya Macho

Mwanadamu ana haja mbili zisizoacha kugombana. Haja ya kwanza ni kuwa pamoja na wenzake. Haja ya pili ni kuwa peke yake. Akinyimwa ya kwanza hunyauka kwa upweke. Akinyimwa ya pili huchoka kwa kutazamwa. Nyumba ilibuniwa ili haja zote mbili zipate kukaa chini ya paa moja, na kila fundi aliyepata kujenga, awe wa udongo au wa mawe, alikuwa akijaribu kuzipatanisha. Ukuta ni sehemu ya jibu lake, na mlango ni sehemu nyingine. Walakini kiko kitu cha tatu, chepesi kuliko hivyo viwili, ambacho aghalabu hakisifiwi. Kitu hicho ni kisitiri. Kwa neno hili nakusudia kila kitu chepesi kinachogawa nafasi moja bila ya kuifanya kuwa mbili: pazia lililotungikwa katika waya, mkeka uliosimamishwa, ubao uliotobolewa nakshi, kabati lililogeuzwa mgongo, au rafu ya vitabu iliyo wazi pande zote.

Seremala akiagizwa kisitiri huuliza urefu, upana na aina ya mbao. Maswali hayo ni ya lazima, lakini yako maswali mengine ambayo fundi hawezi kuyajibu kwa futi yake. Kisitiri hakina nguvu. Kwa nini basi watu hukitii? Kinamdai nini aliye mbele yake, na kinamdai nini aliye nyuma yake? Tena, je, uko wakati ambapo ni haki, au ni wajibu, kukiinua? Maswali haya ya nyumbani ni maswali ya maadili.

Tuanze na nguvu yake. Ukuta humzuia mwizi, mvua na mnyama, wala hauombi ridhaa ya mtu. Mlango wenye komeo hufanya vivyo hivyo. Pazia haliwezi hata moja katika hayo. Kidole cha mtoto hulisogeza; upepo wa kusi huliinua bila ya kubisha hodi. Sauti hulipita, harufu ya mchuzi hulipita, na mwanga wa taa huchora juu yake kivuli cha mtu aliyelala upande wa pili. Hata hivyo, mgeni aketiye upande huu hatendi kama mtu anayeona kitanda cha mwenyeji wake. Hugeuza kiti kidogo, hupunguza sauti, na upepo ukiliinua pazia hutazama chini. Kwa hiyo nguvu ya pazia haimo katika uzi uliolifuma. Imo katika jicho la yule ambaye angeweza kutazama naye hatazami. Ukuta humwambia mtu kuwa hawezi. Pazia humwambia kuwa haifai. Neno la kwanza hata ng'ombe hulielewa. Neno la pili hueleweka kwa binadamu tu.

Ikiwa ndivyo, pazia ni ahadi ya pande mbili. Aliye mbele huahidi kutochungulia. Aliye nyuma huahidi kutofanya mambo yatakayomtahayarisha aliye mbele kwa kuyasikia. Jicho lina kope, lakini sikio halina. Mtu anaweza kufumba macho, hawezi kufumba masikio. Kwa sababu hii ahadi ya pazia ina sehemu ya tatu, nayo ni ngumu kuliko zote: lililosikiwa bila ya kutakwa lichukuliwe kuwa halikusikiwa, wala lisibebwe nje ya nyumba.

Hapa mwenye kupenda ukweli aweza kuteta. Atasema kuwa mtu anayejifanya hakusikia, ilhali amesikia, ni mwongo, na kwamba adabu iliyojengwa juu ya uongo haina msingi. Hoja hii yastahili jibu. Uongo huhitaji mtu mmoja anayedanganya na mwingine anayedanganyika. Mke na mume walioteta nyuma ya pazia wanajua kwamba mgeni amesikia. Mgeni anajua kwamba wao wanajua. Hakuna aliyedanganyika. Kilichotokea ni kwamba watu watatu wamekubaliana, bila ya kusema, kwamba jambo lile halitawekwa mezani mpaka mwenye nalo aliweke. Ukweli haukunyimwa mtu mwenye haki nao. Umeachwa mikononi mwa wenyewe. Huko si kudanganya, bali ni kumrudishia mtu kitu chake kilichoanguka bila ya kumwonyesha umati kilikuwa nini.

Mafundisho ya dini yaliyolea pwani yetu yaliliona jambo hili mapema. Katika Sura ya Nuru, aya ya 27, waumini wanaamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu watu wake. Katika aya ya 58 amri inaingia ndani ya nyumba yenyewe: watumwa, na watoto wasiofikia balehe, waombe ruhusa katika nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wapumzikapo na kuvua nguo, na baada ya sala ya isha. Msomaji na aangalie ni nani aliyebebeshwa wajibu hapa. Mwenye nyumba hakuambiwa aongeze unene wa ukuta wake. Aliyeambiwa ajizuie ni yule anayeingia. Hodi yetu ni tunda la mafundisho ya namna hiyo, na penye pazia hodi ndiyo komeo.

Baada ya kusema haya kwa jumla, yafaa tutazame nyumba zenyewe. Nitataja tatu, kwa kuwa kila moja inafunza jambo ambalo nyingine haifunzi.

Ya kwanza ni nyumba ya mawe ya Lamu. Nyumba hizi, ambazo nyingi ni za karne ya 18 na ya 19, zilipangwa kwa hatua. Mtu atokaye njiani hukutana na daka, penye mabaraza ya mawe ya kukalia wageni. Kisha huingia tekani, pito linalopinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa mbingu. Kisha misana, vyumba virefu vilivyo wazi upande wa uani. Mwisho ni ndani, chumba cha watu wa nyumba wenyewe, penye safu za vidaka vya chokaa ukutani. Vyumba hivi ni vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi pana zaidi ya mita 3 hivi. Baina ya sehemu na sehemu mapito yalikuwa mapana, na mapazia yakatungikwa. Uzuri wa mpango huu ni kuwa haukumgawa mtu kuwa wa ndani au wa nje kwa pigo moja la mlango. Uliweka daraja za kuaminiwa. Mfanyabiashara alikoma dakani. Jamaa alikaribishwa mbele zaidi. Na kila hatua aliyopiga mtu kuelekea ndani ilimwambia kiasi gani cha heshima anadaiwa.

Ya pili ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, kama zilivyojengwa kwa wingi Kariakoo na Magomeni. Ina ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma penye jiko na choo. Mara nyingi kila chumba kina wapangaji wake. Mume, mke na watoto hukaa katika chumba kimoja, na chumba hicho ndicho cha kulala, cha kupokea wageni, cha kusomea na cha kuwekea mali. Mwenye chumba hupiga misumari miwili, hufunga waya, na hutungika kitenge au shuka. Kwa kitendo hicho kidogo chumba kimoja kinapata mbele na nyuma. Mbele huwekwa viti na meza yenye kitambaa. Nyuma huwa kitanda, sanduku na nguo. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani huketi mbele na taa yake baada ya wazazi kujitenga nyuma. Aliyekaa katika chumba kama hicho anajua kwamba pazia lile halikuwekwa kwa fahari. Lilikuwa njia ya mtu asiye na nyumba ya kusema kwamba naye ana ndani yake.

Nasema haya bila ya kuusifu umaskini. Wako watu wanaopenda kusimulia ukarimu wa chumba kimoja kama kwamba msongamano ni fadhila. Msongamano si fadhila. Binti aliyebaleghe na kaka yake wanaolala sakafuni bega kwa bega hawafundishwi udugu, bali wananyimwa stara. Mwenye uwezo wa kuongeza chumba na aongeze, na mji wenye uwezo wa kuwajengea watu wake na uwajengee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye vyumba vingi asimhubirie mwenye pazia utamu wa pazia.

Lakini ni ajabu kwamba wenye uwezo wa kujenga kuta wamezibomoa wao wenyewe, kisha wakarudi kutafuta mapazia. Hapo twaja kwenye nyumba ya tatu. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uo huo iliandikwa pia nyumba ya familia ya Tugendhat katika mji wa Brno, ambao sasa uko katika nchi ya Chekia. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1929 na 1930 kwa ramani ya Ludwig Mies van der Rohe. Paa na sakafu zake zimebebwa na nguzo za chuma, kwa hiyo kuta za ndani hazikuwa na mzigo wa kubeba. Mjenzi akaacha ukumbi mmoja mpana, wenye eneo la zaidi ya mita za mraba 200, bila ya kuugawa kwa vyumba. Akasimamisha ndani yake kipande kimoja cha ukuta wa jiwe la oniksi, ambalo jua la chini la majira ya baridi hulifanya ling'ae kama kaa la moto. Nyuma ya jiwe hilo palikuwa mahali pa kusomea. Mbele yake palikuwa mahali pa maongezi. Meza ya chakula ilizungukwa na kiambaza cha nusu duara cha mpingo wa Makassar. Penginepo, mapazia yaliyopangwa pamoja na Lilly Reich yaliweza kuvutwa ili kutenga sehemu hii na ile.

Watu wakabishana. Mwaka 1931 mhakiki Justus Bier aliuliza katika gazeti la Die Form kama inawezekana kweli kuishi katika nyumba hiyo. Wasiwasi wake ulikuwa kwamba ukumbi usio na vyumba humlazimisha mtu kuishi kama kitu cha maonyesho. Wenye nyumba, Fritz na Grete Tugendhat, walimjibu katika gazeti lilo hilo kwamba wao wanaishi humo na wanapapenda. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki. Bier alikuwa na haki kwa sababu jiwe la oniksi haliwezi kuzuia neno. Wenye nyumba walikuwa na haki kwa sababu neno lilizuiwa na kitu ambacho Bier hakukiona katika ramani, yaani mazoea ya watu wanaoheshimiana. Ramani huonyesha kuta, haionyeshi adabu.

Kisa cha nyumba hiyo hakikuishia katika mabishano ya magazeti. Familia ya Tugendhat ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1938 ilikimbia nchi, na mwaka 1939 Gestapo ikaitwaa nyumba. Kiambaza cha mpingo kiliondolewa. Baada ya miaka mingi vipande vyake viligunduliwa vimebandikwa ukutani katika jengo la mji huo ambalo zamani lilikuwa makao ya Gestapo, navyo vikarudishwa mahali pake katika matengenezo yaliyomalizika mwaka 2012. Mbao zilizositiri chakula cha watoto ziligeuzwa pambo la watesaji wa baba zao. Nimelitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa kila kisitiri. Pale ambapo jamii imekwisha kuvunja ahadi ya kumheshimu mtu, hapana pazia wala jiwe litakalomsitiri. Ndiyo maana mataifa, baada ya vita vile, yaliandika katika Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 12, kwamba mtu asiingiliwe ovyo katika faragha yake, jamaa yake na nyumba yake. Katiba ya Tanzania nayo inalinda jambo hilo katika ibara ya 16. Sheria hizi ni pazia lililoshonwa kwa maneno, na kama pazia jingine lolote, zina nguvu kwa kadiri watu wanavyozitii.

Sasa tumekwisha kuona kisitiri ni nini. Inabaki kuuliza kama ni cha haki. Swali la kwanza la haki ni hili: kinamsitiri nani? Nimesifu daraja za nyumba ya Lamu, nami siondoi sifa hiyo. Lakini ndani ya nyumba zile walikuwamo watu ambao hapana aliyewatungikia pazia. Watumwa waliingia na kutoka, walipika, walifua na walilea, na macho yalipita juu yao kama yapitavyo juu ya vyombo. Wanawake wa daraja ya juu mjini humo walipotoka nje walikwenda ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa lililoinuliwa kwa vijiti, na watumwa ndio walioshikilia. Hebu fikiri: kisitiri kilitembea njiani, na waliokishika mikononi hawakuwa na haki ya kuingia ndani yake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Lakini tabia ya kuwa na stara kwa kuwanyima wengine stara haikufutwa kwa sheria hizo. Ziko nyumba leo, zenye sebule pana na kisitiri cha nakshi kilichonunuliwa kwa fedha nyingi, ambamo msichana wa kazi hulala jikoni au kwenye ushoroba, na hana pembe ya kubadilia nguo isipokuwa kwa kusubiri watu walale.

Kwa hiyo kipimo cha haki ya kisitiri si kuuliza kama bwana wa nyumba amesitirika. Yeye kwa kawaida amesitirika, hata bila ya pazia, kwa kuwa watu wanamwogopa. Kipimo ni kumtazama aliye mdogo kabisa katika nyumba: mtoto wa kuletwa, mjane aliyehamia kwa nduguye, mtumishi, mgonjwa asiyeinuka. Je, ana mahali, hata kama ni upana wa mkeka mmoja, ambapo jicho la mwingine halifiki bila ya hodi? Ikiwa anapo, nyumba ile ina stara. Ikiwa hanapo, ina mapambo tu.

Swali la pili la haki ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Pazia lililowekwa kuficha uchi laweza kuficha dhuluma. Aghalabu jirani asikiapo kipigo katika chumba cha pili husema, "Hayo ni mambo ya ndani," akageuza ubavu akalala. Anadhani anatimiza adabu ile ile niliyoisifu. Je, anaitimiza?

Naona hapana, na sababu yangu ni hii. Tumesema pazia ni ahadi ya pande mbili. Aibu ni jambo ambalo likifichuliwa humwumiza mwenye nalo, na likifichwa halimdhuru mtu. Uchi ni aibu ya namna hiyo. Umaskini, ugonjwa, machozi na ugomvi mdogo wa mke na mume ni vya namna hiyo. Dhuluma ni kinyume chake: likifichwa jambo hilo, yuko mtu anayeendelea kuumia kwa sababu limefichwa. Stara ni haki ya mwenye aibu. Mwenye kudhulumu hana stara ya kudai, maana anataka kutumia ahadi ya wengine kama silaha dhidi ya mtu aliye nyuma ya pazia lile lile, ambaye naye ni mwenye ahadi. Yeye ndiye aliyelichana kwanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hapana mwanandoa aliye na haki ya kumpiga mwenzake. Kwa hiyo kipigo cha ndani si jambo la ndani. Kimekwisha kutoka nje kwa sauti yake chenyewe.

Hapa ndipo ninapoona hekima ya kisitiri juu ya ukuta. Watu hulalamika kwamba pazia haliwezi kuzuia sauti, nao wanadhani hiyo ni ila. Ukuta mnene huficha vyote: huficha uchi na huficha kilio. Mtu aliyejengewa nyumba ya kuta nene na madirisha ya kioo amesitirika sana, lakini siku atakapoanguka au atakapopigwa, ataita bila ya kuitikiwa. Pazia huficha kinachotakiwa kufichwa, nalo hupitisha kinachotakiwa kupita. Kisitiri chema huficha uchi, hakifichi kilio. Mtu asiyeona, lakini anayeweza kusikia akihitajiwa, ndiye jirani aliye bora. Karibu kuliko yeye ni mpelelezi, na mbali kuliko yeye ni mgeni.

Najua pingamizi itakayokuja. Itasemwa kuwa mdaku hupata kisingizio. Kwamba kila mwenye hamu ya kuchungulia atadai amesikia kilio. Pingamizi hii ni ya kweli, na dawa yake iko katika namna ya kuinua pazia. Sauti itangulie mkono. Wazee wetu wa nyumba za vyumba sita waliijua njia: mama akisikia ghasia chumba cha pili husimama mlangoni na kuita, "Hodi jamani, nani atanigawia chumvi?" Saa ni nne za usiku, na hapana apikaye. Kila mtu anajua kwamba hakuja kwa chumvi. Lakini mkono ulioinuliwa hushuka, kwa kuwa mwenye mkono amekumbushwa kwamba ukumbi una watu. Aliyepigwa hupata pumzi, na akitaka kutoka hutoka kwenda kutoa chumvi. Hii ni aina ile ile ya kujifanya niliyoitetea mwanzo, wala hapana aliyedanganyika. Tofauti ni kwamba zamu hii ukimya umegeuka hodi. Ikiwa chumvi haikutosha, basi ziitwe sauti nyingi zaidi, na mwisho yaitwe mamlaka ya sheria. Adabu ya macho haikupata kuwa amri ya kuacha mtu afe.

Kutokana na haya yote, anayetaka kutengeneza kisitiri katika sebule yake aweza kupewa mashauri machache, na ataona kuwa kila shauri la ufundi lina shauri la utu ndani yake. Kwanza, ajue anataka kuzuia jicho gani. Kisitiri cha futi 4 na nusu humficha aliyeketi na humwacha aliyesimama aone upande wa pili. Hicho chatosha kutenga meza ya chakula na viti vya maongezi, wala hakimnyimi mama kumwona mtoto wake anayecheza. Kisitiri cha futi 6 huficha kitanda. Pili, asikifikishe darini. Nafasi ya juu hupitisha upepo, ambao katika joto la pwani ni nusu ya afya, na hupitisha mwito wa mgonjwa. Tatu, achague kitu kinachoruhusu mwanga: ukili wa mkeka, fito zilizoachana, ubao wa nakshi za matundu, au rafu yenye vitabu vilivyoachiana nafasi. Wajapani, ambao wana ujuzi mkubwa wa mambo haya, huweka karatasi katika fremu za mbao ili mwanga uingie na sura isiingie. Na kisitiri chao cha kukunjwa wamekiita byobu, neno lenye maana ya kinga ya upepo. Nne, kisitiri kiweze kusogezwa. Nyumba yenye msiba, arusi au mtoto mchanga si nyumba ile ya mwaka jana, na kisichoweza kusogea huishia kuwatawala waliokiweka. Tano, kabla ya kupiga msumari wa kwanza, waulizwe wote watakaoishi pande zake mbili. Ahadi iliyofungwa na mtu mmoja peke yake si ahadi. Ni amri iliyovishwa kitambaa.

Labda msomaji atastaajabu kuona mambo makubwa yametungikwa katika waya mwembamba. Lakini nyumba ndiyo shule ya kwanza ya mji. Mtoto aliyefundishwa kutazama chini upepo uinuapo pazia atajua, akiwa mtu mzima, kuiacha barua isiyo yake bila ya kuifungua, na kulisahau neno alilolisikia kwa bahati mbaya. Mtoto aliyemwona mama yake akienda kuomba chumvi usiku atajua kwamba kunyamaza kuna kikomo. Mafunzo yote mawili yanahitajika, kwa kuwa mwenye la kwanza bila ya la pili ni mwoga mwenye adabu, na mwenye la pili bila ya la kwanza ni mdaku mwenye huruma. Kuta peke yake hazifundishi hata moja katika hayo. Heri basi nyumba yenye kisitiri kimoja chepesi, na pande zote mbili watu wanaojua kwa nini kimewekwa.